Zimwi la kulishwa herufi limeishinda geimu ya kulipia: maoni yangu kuhusu geimu za kusoma

Nianze na jibu kwa wale hawana muda wa kusoma yote. Kama una mtoto wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, mpaka Gredi ya 2 na unatafuta geimu moja tu ya kumsaidia kusoma Kiswahili, weka Feed the Monster, ile ya Kiswahili, ni ya bure na ukishaiweka kwa simu inachezeka bila bando. Ya Kiingereza chukua Khan Academy Kids, hiyo pia ni ya bure na haina matangazo. Halafu kuna ile ya kulipia kila mwezi ambayo wazazi wanashea sana kwenye magrupu, jina sitataja, hiyo mimi nimeitoa kabisa kwa tableti ya watoto na sababu si pesa. Sababu ni vile imechorwa.

Najua kuna mtu atasema michoro ni mapambo tu, muhimu ni masomo yaliyo ndani. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya michoro, natengeneza mabango na kadi na nembo za biashara ndogo ndogo hapa tao, na jioni watoto wa ploti yetu huku Umoja, Nairobi, wanakuja kwangu kufanya homuwaki, wananiita Ticha ingawa mimi si mwalimu, kwa hivyo nimepata nafasi ya kukaa nyuma ya hao watoto wakicheza na kuangalia hizo geimu kwa jicho la mchoraji. Na kile nimeona ni hiki: mchoro ndio unaamua mtoto atasikia aje akikosa, na vile atasikia akikosa ndiyo inaamua kama atajaribu tena ama atatafuta njia ya kukwepa. Masomo yaliyo ndani yanaweza kuwa mazuri kabisa na bado mtoto asiyafikie, kwa sababu mchoro umemfukuza mlangoni.

Wacha nianze na zimwi basi, maana ndilo limenifurahisha zaidi.

Feed the Monster iliundwa kwanza kwa Kiarabu, kwa ajili ya watoto wa Syria waliokimbia vita na kukosa shule, na mwaka 2017 ilikuwa moja ya geimu mbili zilizoshinda lile shindano la EduApp4Syria lililolipiwa na serikali ya Norway. Baadaye shirika la Curious Learning likaichukua na kuitoa kwa lugha nyingi, Kiswahili ikiwemo. Yenyewe ni rahisi sana: kuna zimwi katikati ya skrini, linataka herufi fulani, unasikia sauti ya hiyo herufi, na chini kuna vijiwe vyenye herufi tofauti, mtoto anaburuta kijiwe anaweka kwa mdomo wa zimwi. Ikiwa ni sawa linatafuna kwa furaha. Ikiwa si sawa linatema na sura inaanguka, linasikitika. Ukiendelea kulilisha vizuri linakua, na unapata mengine. Basi, hakuna mengi zaidi ya hapo, mwanzoni ni herufi, baadaye silabi na maneno.

Sasa angalia kitu nilikiona. Kuna kijana mmoja wa PP2, yeye b na d zinamchanganya, na hilo ni la kawaida kwa umri wake, ni umbo moja limegeuzwa tu. Zimwi likataka d, yeye akalipatia b. Likatema. Sura ikashuka, macho yakawa makubwa ya huzuni. Huyo mtoto hakuniangalia mimi, hakuangalia wenzake, aliinama akasogea karibu na skrini akaipapasa kwa kidole akasema, "Pole, nitakupea ingine." Halafu akatafuta d, pole pole, akizilinganisha zile mbili kwa macho, tumbo iko upande gani, akaipata. Zimwi likala. Akacheka kwa sauti mpaka dada yake akatoka jikoni kuangalia.

Hapo ndipo nikaelewa huyu mchoraji alifanya kazi gani. Kosa limetokea, na maumivu ya kosa yapo, hayajafichwa, lakini yameangukia zimwi. Mtoto si yule aliyefeli, mtoto ni yule anayejua kulisha na mwenzake bado ana njaa. Hiyo huruma inamrudisha kwa herufi, si ati inamtoa. Na kitu kingine, ili amfurahishe rafiki yake lazima aitazame hiyo d vizuri, hakuna njia ya mkato, hisia yote imefungwa kwa ile herufi yenyewe.

Sasa linganisha na ile ya kulipia. Mtoto huyo huyo, herufi hizo hizo. Akikosa, skrini inatikisika, alama kubwa nyekundu ya kukosa inafunika kila kitu, na kengele ya ukali inalia kwa nguvu. Kitu cha kwanza alifanya ni kugeuka kuangalia nani amesikia. Wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya, ni watoto, lakini uso wake ukabadilika. Mara ya pili akikosa akaanza kubonyeza tu chochote haraka haraka, juu, chini, kulia, ili hiyo nyekundu itoke. Halafu akampatia jirani yake tableti akasema amechoka. Hakuwa amechoka, kwa sababu muda mfupi baadaye alikuwa nje anapiga mpira. Aibu ndiyo ilimtoa, na hiyo aibu ilichorwa na mtu, mtu alikaa mahali akachagua hiyo nyekundu na huo ukubwa na huo mtikisiko.

Na hata sisemi rangi nyekundu ni mbaya. Watu wengi wa michoro wanadhani ukitaka mtu afurahi unaweka rangi za moto, njano na chungwa, basi umemaliza. Wataalamu wamelipima hilo. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2012, mmoja wa waandishi akiwa Jan Plass wa Chuo Kikuu cha New York, ambapo walichukua somo moja kuhusu chanjo inavyofanya kazi mwilini, wakalichora kwa namna mbili, moja ikiwa na rangi za kijivu na maumbo ya kawaida, nyingine rangi za joto na maumbo ya mviringo yenye kama sura za watu. Waliosoma hiyo ya pili walijisikia vizuri zaidi na wakalielewa somo zaidi, na somo lilikuwa ni lile lile. Halafu mwaka 2014 wakarudi wakatenganisha vitu, rangi peke yake na umbo peke yake, wakakuta rangi za joto zikiwa peke yake hazikubadilisha hisia za wanafunzi, ila yale maumbo ya mviringo yenye sura yalizibadilisha. Na baadaye, mwaka 2020, walipopima wahusika wa geimu, ile hali ya uso, anacheka ama amenuna, ikawa na nguvu sana. Kwa hivyo uso ndio mfalme hapo, rangi ni msaidizi wake.

Richard Mayer pia, huyo wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara ambaye amesomea mambo ya picha na maneno katika kufundisha kwa miaka mingi, yeye na mwenzake mwaka 2014 walichukua somo la vile virusi vinaleta homa ya mafua wakavichora vile vitu vyenyewe vya somo vikiwa na macho na sura, ile seli inayovamiwa ikaonekana imeshtuka, inaugua. Wanafunzi wakafanya vizuri zaidi kwa mtihani. Angalia walichofanya hapo: hawakuweka katuni pembeni ya kuchekesha. Walipatia uso kile kitu chenyewe kinachofundishwa. Ndiyo maana nikiangalia zimwi linaloitaka d, naona ni kitu kimoja na hicho. (Hawa walipimwa wakiwa wanafunzi wa chuo, watu wazima, kwa hivyo siwezi kusema kila kitu kitafanana kwa mtoto wa PP2, lakini kile nimeona sebuleni kwangu kinaenda njia hiyo hiyo.)

Turudi kwa ile ya kulipia maana bado sijamaliza nayo, na hapa ndipo nina uchungu zaidi kwa sababu waliotengeneza wanajua kuchora, mkono wao ni mzuri, lakini wameweka nguvu mahali si pake. Ukifungua tu unapokewa na msitu mzima, vipepeo wanapita, maua yanacheza, kuna sanduku la hazina linang'aa kwa kona, juu kuna sarafu zinazunguka, kuna tumbili anaruka, muziki juu, na ile herufi ambayo mtoto amekuja kujifunza imekaa chini kulia, ndogo, kwa ubao wa rangi ya mbao. Ni kama nganya mpya, hizi matatu za kurembwa, imewekwa taa na picha kila kona mpaka huoni inaenda wapi. Macho ya mtoto yanaenda kwa kile kinachosogea, hayo ni maumbile, hata mtu mzima hawezi kujizuia, na kwa hiyo skrini kila kitu kinasogea isipokuwa herufi.

Akipata jibu, fataki. Mvua ya sarafu, sanduku linafunguka, tumbili anapewa kofia, sherehe nzima hivi, herufi imeshapotea kabla hata hajaimaliza kuiona. Watoto walikuwa wanaipenda sana hiyo sherehe, siwezi kukataa, walikuwa wanapigania tableti. Lakini nikaanza kuona wanapenda nini hasa. Walikuwa wamejua jibu sahihi huwa linatikisika kidogo ukikaa bila kubonyeza, kwa hivyo walikuwa wanangoja, linatikisika, wanabonyeza, fataki. Nikachukua karatasi za manila nikaandika herufi zile zile ambazo geimu ilikuwa imesema wamezimaliza, nikawaonyesha moja moja mezani. Wengi hawakuzijua. Lakini walijua tumbili ana kofia gani na sanduku la dhahabu linakuja baada ya lile la fedha.

Hilo pia wataalamu wamelipima. Mwaka 1998 huyo huyo Mayer na mwenzake Shannon Harp waliwapa watu somo la vile radi inatokea, wengine wakapewa somo tupu, wengine wakaongezewa hadithi na picha za kusisimua, watu waliopigwa na radi na mambo kama hayo. Hao walioongezewa vitu vitamu wakakumbuka machache kuliko wenzao kuhusu radi yenyewe na wakashindwa zaidi kuutumia ule ujuzi kwa maswali mapya. Utamu usiohusika unakula nafasi ya somo. Na zawadi nazo zina mambo yake: mwaka 1973 kule Marekani kuna watafiti walichukua watoto wadogo wa nasari waliopenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Baadaye hao walioahidiwa wakawa wanachagua kuchora kidogo kuliko wale hawakuahidiwa kitu. Nikisoma hiyo nikawakumbuka hawa wangu na sarafu zao. Siku moja intaneti ilisumbua ile geimu ikawa haionyeshi sanduku, wakaifunga wote, hakuna hata mmoja alitaka herufi bila sanduku.

Khan Academy Kids ndiyo imenionyesha kwamba unaweza kuwa na wanyama na rangi na zawadi na bado usipoteze mtoto. Ni ya watoto wa miaka 2 hadi 8, na kuna wanyama watano, dubu anaitwa Kodi, ndovu anaitwa Ollo, kuna Reya, kuna ndege mdogo anaitwa Peck na Sandy. Zawadi zipo pia, mtoto anakusanya wadudu na kofia na vitu vya kuchezea vya hao wanyama. Kwa hivyo kwa karatasi ukiorodhesha vitu utaona ni kama zile zile za ile ya kulipia. Tofauti ni lini na wapi. Wakati wa kazi yenyewe ukurasa umetulia, herufi ni kubwa na iko katikati, nyuma kuna rangi moja nyepesi, na mnyama amesimama kando akimwangalia mtoto, anapumua tu, anapepesa macho, hana fujo. Mtoto akifikiria hakuna kitu kinamvuta nguo. Zawadi inakuja baadaye, kazi ikiwa imeisha.

Na akikosa hakuna kelele, anapewa nafasi tena. Kuna msichana mmoja mnyamavu sana, kwa zile geimu zingine huwa anakaa nyuma anaangalia wenzake tu. Hii anashika mwenyewe. Mama yake alinipigia simu akauliza, "Ticha, huyo dubu ni nani? Huku nyumbani ni Kodi, Kodi, mpaka analala." Mimi nikafurahi kwa sababu mtoto akimpenda mwalimu anajifunza, hiyo hata shosho zetu walijua, na huyu dubu kwake ni mwalimu fulani asiyekasirika. Shida yangu na Khan Academy Kids ni moja, matamshi ni ya Kimarekani na wadogo wanapoteza maneno mengine, kwa hivyo kwa PP1 kaa naye karibu umrudilie.

Sasa kuna vitu viwili vidogo vya michoro ambavyo wazazi hawaangalii kabisa na vinasumbua kuliko hata fataki.

Cha kwanza ni umbo la herufi zenyewe. Shuleni watoto wanafundishwa kuandika a ile ya mviringo na mkia, rahisi, mduara na fimbo. Halafu mtu anatengeneza geimu anachukua fonti ya kawaida ya kompyuta, ile a yenye kofia juu kama ya magazeti. Sisi tumezoea hatuoni tofauti. Mtoto anaona herufi mbili tofauti! Kwa ile geimu ya kulipia mtoto wa PP1 alikataa kabisa, akaniambia, "Hii si a Ticha, a haina kichwa," na akachukua penseli akanichorea kwa daftari yake a ile anaijua, na kwa haki yake alikuwa sawa, kwa kile amefundishwa alikuwa sawa kabisa, lakini geimu ikamwekea nyekundu. g nayo ni vile vile, ile ya vitabu yenye vitanzi viwili. Kama unatengeneza kitu cha mtoto anayeanza kusoma, fonti ndiyo uamuzi wa kwanza, kabla ya tumbili, kabla ya msitu, kabla ya kila kitu. Kabla hujaweka geimu yoyote kwa simu ya mtoto fungua uangalie a yake kwanza, na uilinganishe na daftari ya shule.

Cha pili ni mwangaza. Hizo geimu zinachorwa na watu wenye skrini nzuri, halafu zinakuja kuchezwa kwa simu ya mama iliyopasuka kioo ama tableti ya mkono wa pili ya Luthuli kule kwa maduka ya simu, mwanga umepunguzwa ili chaji ifike jioni, na dirisha liko nyuma. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hapo hayaonekani, rangi zile laini laini zinakuwa kitu kimoja. Feed the Monster inafanya vizuri hapa, kijiwe na herufi vinatofautiana vya kutosha hata skrini ikiwa hafifu. Na msisahau kuna watoto, hasa wavulana, ambao hawatofautishi nyekundu na kijani, na mtu anaweza kukaa na mtoto kama huyo miaka bila kujua. Geimu ikisema "bonyeza ile ya kijani" bila alama nyingine, huyo amefeli na anajua herufi zote. Kahoot, ile ya maswali ambayo shule zingine zinatumia, ilitatua hilo vizuri sana tangu zamani: kila jibu lina rangi na pia lina umbo, nyekundu ni pembetatu, bluu ni almasi, njano ni duara, kijani ni mraba. Usipoona rangi unaona umbo. Kitu kidogo tu hicho, lakini mtu aliwaza.

Nirudi kwa zimwi maana nisije nikaonekana nimelisifu tu. Kwanza nilikuwa na wasiwasi, kwa hadithi zetu zimwi linakula watu, na hawa wadogo wameshahadithiwa na shosho zao. Kuna kamtoto kalikataa kabisa siku ya kwanza, kakajificha nyuma ya kochi. Lakini mazimwi ya humu yamechorwa mwili mviringo, kichwa kikubwa, macho makubwa, na hayo ni maumbo ya mtoto mchanga, mwanasayansi mmoja Konrad Lorenz aliandika tangu 1943 kwamba sisi binadamu tukiona kichwa kikubwa na macho makubwa na mashavu tunasikia kulea, hatusikii kukimbia. Baada ya kuona mwenzake analilisha kakatoka nyuma ya kochi, na sasa ndiko kanadai zamu.

Kile sipendi ni muda unaohesabika. Kuna muda wa kulisha na ukiisha umeisha, na kwa mtoto anayesoma haraka ni raha, anachangamka, lakini yule wa b na d akianza kuona muda unaisha anaacha kulinganisha na anaburuta tu. Ile huruma nzuri yote niliyosema inageuka kuwa pressha. Ningependa kungekuwa na mahali pa kuuzima kwa wale wanaoanza. Pia baada ya muda mazimwi hayana mengi mapya, hakuna hadithi, kwa hivyo mtoto akishajua silabi zake atahitaji vitabu, na hilo ni sawa, geimu si lazima imalize kila kitu.

Kwa wenye kompyuta ya zamani nyumbani, ile mzito mtu hataki kuitupa, weka GCompris. Ni ya bure, imekuwepo tangu mwaka 2000, ina kazi zaidi ya mia, za miaka 2 hadi 10, kuanzia kushika mausi na kibodi mpaka hesabu. Kwa michoro haijanivutia sana, kazi hii imechorwa hivi na ile vile, unaona imepita mikono mingi, na mtoto akihama kutoka moja kwenda nyingine lazima ajifunze upya vitu viko wapi. Lakini haina uchoyo, haiuzi chochote, na ile ya herufi zinazoanguka kutoka juu mtoto azichape kabla hazijafika chini inapendwa sana huku.

Na kwa wale huwa wanasema Kiswahili hakina geimu za maana, hapana. Lile shindano kubwa la Global Learning XPRIZE lilifanyiwa majaribio yake Tanga, Tanzania, kwa Kiswahili, watoto wa vijiji vipatavyo 170 wakapewa tableti zenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu wenyewe, wengi wao bila mwalimu. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Programu za wale waliofika fainali ziliachwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzichukua na kuziboresha. Kwa hivyo vijana wa Nairobi wanaojua kuandika programu na wanaojua kuchora hawaanzi na sifuri, kuna msingi umewekwa na umewekwa kwa lugha yetu. Ukitaka kujaribu mchoro wako kwa watoto kabla hujatoa, kaa nyuma yao uangalie wanapokosa, usiangalie wanapopata. Wanapopata wote wanafurahi, hata kwa geimu mbaya.

Mambo ya kawaida sasa. Pakua kila kitu ukiwa kwa waifai, halafu zima data kabla hujampa mtoto, zote tatu nilizozisifu zinafanya kazi bila intaneti, ila kwa Khan Academy Kids pakua vitabu na masomo mapema. Sauti usizime, geimu ya kusoma bila sauti ni picha tu, na kama nyumba ina kelele tafuta iafoni za masikioni za bei nafuu. Mwanga wa skrini ongeza kidogo hata kama chaji itaisha haraka. Wakiwa wengi kwa tableti moja weka zamu, na anayecheza akae mbele ya wenzake si katikati, ili akikosa asione nyuso zote zikimwangalia.

Nyota zangu: Feed the Monster ya Kiswahili 4 kwa 5, ile moja nimeitoa kwa sababu ya muda unaohesabika. Khan Academy Kids 4 na nusu. GCompris 3. Ile ya kulipia 2, na hizo mbili ni za sauti zake, aliyezirekodi silabi anatamka vizuri sana na taratibu, ba be bi bo bu safi kabisa, na angewekewa mchoro uliotulia nyuma ya hiyo sauti mimi ningeilipia tena kesho.